Chumvi Kwenye Tindikali

Gari lilikataa kuwaka alfajiri ya siku ya tano. Karrar alizungusha ufunguo, injini ikatoa mlio hafifu kama mtu anayekohoa usingizini, kisha ikanyamaza. Akazungusha tena. Mara hii hata kikohozi hakikutoka.

"Nani amegusa betri yangu?" aliuliza. Hakupandisha sauti.

Mudawi alikuwa amechutama akipuliza makaa ya chai. Aliacha kupuliza. Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zilitoka chini ya boneti hadi kwenye mashine yake ya kutafutia dhahabu, iliyolala mchangani kama mtoto anayenyonya. Jioni iliyopita, baada ya kupata walichokipata, aliona betri za mashine zimeisha, akaziunganisha na betri ya gari zipate moto, kisha akalala usingizi wa tajiri. Watafutaji wote wa jangwa lile hufanya hivyo, ila wao huacha injini ikinguruma. Mudawi aliizima ili kubana dizeli.

"Ni mimi," alisema.

"Basi mashine imeshiba na gari lina njaa. Haya, iambie itubebe mgongoni hadi mjini Abu Hamad."

"Karrar, nakuomba, usianze kufananisha leo."

"Hapo sijafananisha. Nikifananisha utajua."

Karrar alikuwa Mrubatabi, na Sudan nzima inazijua ndimi za Warubatabi. Mmoja wao akikitazama kitu na kukifananisha na kingine, watu hucheka kwanza, kisha huogopa, kwa sababu inasemekana neno lake hushika, likawa kweli. Jana, katika magofu ya vibanda vya wachimbaji wa kale, Mudawi alipoinua jiwe la kusagia na kukuta chini yake vipande kumi na saba vya njano vimepangwa kwa ukaribu, Karrar aliinama akatazama, akasema, "Wallahi, vinafanana na vidole vya maiti." Mudawi aliziba masikio, lakini alichelewa.

Hajati Sittana aliyasikia hayo yote akiwa mkekani, akijitanda tobu yake, shuka refu la wanawake wa Sudan. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na Mudawi alikuwa mwana wa dada yake. Dada huyo alifariki mtoto akiwa na miaka saba. Siku ya mwisho alimshika Sittana mkono, akamwambia, "Huyu usimwache njiani." Tangu siku hiyo hakumwacha, na sasa mtoto alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na minane mwenye ndevu.

Sittana hakuwa mtafutaji. Alikuwa mjane wa sonara, na kwa miaka thelathini alikaa dukani na jiwe jeusi la kupimia na kichupa cha tindikali. Akisema dhahabu, ni dhahabu. Akisema shaba, mtu hukunja kitambaa chake akaondoka bila kubisha. Hakuwahi kudanganya juu ya jiwe lile, si kwa jamaa wala kwa mwenye bunduki. Ndiyo maana Mudawi alimwomba aje hadi magofuni. Kitu kisichojulikana ukikipeleka sokoni, soko zima hukijua kabla yako.

Jana aliwapimia. "Tazama, mwanangu," alimwambia Mudawi. "Dhahabu hutoka ardhini ilivyoingia. Shaba hutoka kijani. Fedha hutoka nyeusi kama sufuria kuukuu. Usitupe kitu kwa sababu ya rangi yake." Akaokota bangili nyeusi ambayo Mudawi alikuwa ameitupa, akaisugua kwa majivu hadi ukang'aa mstari mweupe. Kisha akachora mstari wa kipande cha njano juu ya jiwe, akadondosha tone. Mstari haukutikisika. "Dhahabu," akasema. Karrar aliposogeza kopo la chumvi ya chakula karibu na kichupa, Sittana alimpiga kofi mkononi.

"Ipeleke kule! Chumvi ikiingia humu, tindikali itakula hata dhahabu safi, na mimi nitakuwa mwongo mbele za watu."

Hiyo ilikuwa jana, walipokuwa matajiri.

Sasa walijaribu kulisukuma gari. Walifukua mchanga, wakatandika mabati chini ya magurudumu. Mudawi alishika usukani, Karrar na Sittana wakaegemeza mabega nyuma. Gari lilipanda hatua tatu, likasita ukingoni mwa mteremko, kisha likarudi. Karrar alimsukuma Sittana pembeni kwa mkono mmoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kukwepa.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Sittana aliunyoosha, akaufunga kwa vijiti viwili vya hema na vipande vya tobu, huku jasho la Karrar likidondoka mikononi mwake.

"Unausikia mguu?"

"Ninausikia. Wenyewe ndio haunisikii."

Mudawi aliruka kutoka garini. "Ni ulimi wako huu, Karrar! Vidole vya maiti! Uliona nini?"

"Niliona vidole. Nyaya hukuona wewe?"

"Nyamazeni nyote," alisema Sittana. "Maji."

Maji yalikuwa madumu mawili, lakini moja lilikuwa la kuoshea mchanga, lina zebaki, halinyweki. La pili lilikuwa limefika katikati. Simu hazikupata mtandao tangu siku ya pili. Hakuna aliyejua walipo, kwa kuwa mtafutaji hamwambii mtu anapokwenda. Upande wa mashariki, mwendo wa siku mbili kwa miguu, kulikuwa na kisima cha Wabishari, wafugaji ngamia wa jangwa lile.

"Mnaiona ile njia?" Karrar alinyoosha kidole. "Walipita wanajeshi enzi za babu zetu. Walikula nyama ya makopo, wakatupa makopo, kutoka kisima hadi kisima. Fuateni makopo. Mtu hapotei kwenye takataka."

"Na wewe?" aliuliza Mudawi.

"Mimi nina kivuli cha gari. Mkifika, leteni ngamia mnene. Mwembamba sipandi."

Sittana alipima maji kwa bakuli, bakuli moja kiribani kwa safari, moja dumuni kwa Karrar, hadi yakawa sawa. Kisha akaenda kuswali nyuma ya magofu. Aliporudi Karrar alikuwa ameshakifunga kiriba kwa kamba, barabara, amekiegemeza kwenye gurudumu.

"Nimwambie nini Batuli?" alimuuliza. Batuli alikuwa mke wake. Walikuwa na mabinti wanne.

Karrar alifikiri. "Mwambie yule mbuzi mweusi asimuuze. Anafanana na mama yake."

Mudawi alicheka, kisha akafunika uso.

Jua lilipolegea waliondoka. Walikuwa wamefika hatua ishirini Karrar alipoita, "Hajati!" Sittana akageuka. Karrar alikuwa ameketi kivulini, mguu umenyooka mbele yake kama wa mtu mwingine, akimtazama kwa yale macho ya kufananisha ambayo watu wa Abu Hamad huyakimbia.

"Ukitembea hivyo," alisema, "unafanana na mtu aliyekwisha kufika."

Walitembea hadi giza, wakalala, wakaamka kabla ya jua. Makopo yalikuwepo kweli, mekundu kwa kutu, moja hapa, jingine mbele kidogo. Mudawi alibeba mfuko wa dhahabu begani na mashine mgongoni. Sittana alibeba kiriba. Asubuhi ile alipokiinua ili wanywe, akasita.

Mkono wake ulikuwa umepima vitu kwa miaka thelathini. Aliweza kukuambia uzito wa hereni kwa kuiweka kiganjani. Walikuwa wamekunywa jioni nzima, na kiriba hiki kilikuwa bado kizito kuliko alivyokijaza.

"Vipi, mamdogo?"

Alikuwa akimwona Karrar akilini, akijiburuta mchangani na mguu ule, akifungua dumu lake, akimimina kiribani, akifunga kamba upesi kabla yeye hajamaliza kuswali.

"Kunywa," alisema. "Kunywa vizuri. Usimwage hata tone."

Kurudi kungekula nusu siku, na maji yangewaishia wote watatu kando ya gari. Alilijua hilo, na bado miguu yake ilisimama muda mrefu imeelekea magharibi. Kisha akaigeuza.

Vumbi liliwakuta adhuhuri. Lilikuja kama ukuta wa udongo unaotembea, na kabla hawajapata jiwe la kujikinga likawameza. Walilala kifudifudi chini ya tobu moja, mchanga ukiingia masikioni, puani na kati ya meno. Mudawi alimfunika kichwa kwa mkono wake. Lilipopita, jua lilikuwa limeshuka, na dunia ilikuwa mpya. Hapakuwa na njia tena. Hapakuwa na kopo hata moja.

"Twende tu mbele," alisema Mudawi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mbele ni wapi?"

Mudawi alijizungusha pale alipo. Pande zote zilikuwa mbele.

Sittana aliitazama mashine mgongoni mwake. "Hiyo inasikia bati?"

"Inasikia kila kitu. Sisi ndio huiziba isisikie takataka, la sivyo italia siku nzima."

"Izibue."

Mudawi aliielewa maana yake polepole. Aliigeuza swichi, akavaa visikilizio, akaanza kuipunga kushoto na kulia juu ya mchanga. Hatua mia, kimya. Akarudi, akajaribu upande mwingine. Kisha akapiga magoti akafukua kwa mikono. Kopo. Aliliinua juu kama aliyeokota almasi.

Kumbe betri zilizoliua gari ndizo zilizokuwa zimejaa.

Wakaenda hivyo, kopo kwa kopo, polepole sana. Kulipopambazuka siku ya tatu kiriba kilikuwa kimesinyaa kama titi la bibi. Jua lilipopanda Mudawi alianza kuyumba. Alianguka, akainuka, akaanguka. Mara ya tatu hakuinuka. Mfuko ulikuwa umemchimba begani hadi damu. Sittana aliushika: kilo tano, pungufu kidogo.

"Uache hapa," alisema.

"Hapana."

"Mwanangu."

"Nimeliua gari. Nimemvunja Karrar mguu. Nikirudi mikono mitupu nitakuwa nimefanya nini?" Alianza kujivua mkanda wa mashine. "Nitaacha hii. Nzito hii. Makopo tutayaona kwa macho."

"Hutayaona. Yako chini."

"Basi tutakisia! Dhahabu siachi, mamdogo. Nizike nayo."

Alikuwa akilia bila machozi, kwa kuwa mwili haukuwa na maji ya kutoa. Sittana alijaribu kumpokonya mfuko. Mudawi alikuwa na nguvu bado za kukataa, na nguvu za mkaidi anayekufa mtoto huyu alikuwa nazo tangu utotoni. Sittana akauacha. Alikaa chini, akampa kisogo, akafungua kibegi chake. Ndani kulikuwa na jiwe jeusi, kichupa, tende tatu, na kopo la chumvi ambalo alikuwa amelichukua ili kutia chembe kwenye maji ya kunywa, kwa sababu ya jasho.

Marehemu mumewe alimfundisha mambo mengi, lakini hili la chumvi alimwapisha asilifanye kamwe. Sittana alifungua kichupa. Alichukua chumvi kwa ncha za vidole vitatu, akaidondosha ndani, akaona tindikali ikigeuka rangi kama chai nyepesi. Akaitikisa.

"Mudawi," alisema. "Jana usiku nilimwota marehemu mume wangu. Aliniambia nilipima kipande kimoja tu."

"Kipande kimoja kinatosha."

"Hakitoshi. Watu wa kale nao walikuwa na matapeli. Lete."

Mudawi alimpa kimoja. Akakikwaruza juu ya jiwe, ukabaki mstari wa njano, mzuri, mnene. Akadondosha tone. Waliinamia jiwe wote wawili, vichwa vikigusana. Mstari ulikaa kidogo. Kisha ukaanza kufifia, polepole, kutoka kingoni kwenda katikati, hadi jiwe likabaki jeusi.

"Kingine," alisema Mudawi, sauti imekauka.

Kingine nacho kikafifia. Na cha tatu.

"Shaba," alisema Sittana. Neno lilimtoka sawasawa na lilivyokuwa likimtoka kwa miaka thelathini, bila kupanda wala kushuka. "Pole, mwanangu. Ni shaba."

Mudawi alilitazama jiwe, kisha akamtazama yeye, kwa muda. Akaufunga mdomo wa mfuko, akauburuta hadi kwenye mwamba mweusi, akausukuma kwenye ufa na kuziba kwa mawe. Aliporudi alijifunga mashine. Sittana alimpa tende mbili kati ya zile tatu, akamwambia yeye ameshakula yake.

Walitembea. Walitambaa. Saa nyingine mashine ilinyamaza muda mrefu hadi Sittana akaanza kusema shahada, kisha ikalia tena. Alasiri ilitoa mlio mwingine, mrefu. Mudawi alifukua akatoa pete kubwa ya chuma, imekunjika, ina kipande cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi.

Sittana aliigusa ile ngozi. Ilikuwa bado laini. "Hiki si cha wanajeshi wa babu zako," alisema. "Huu ni mdomo wa ndoo. Ndoo ya ngozi, ya kisimani. Haijamaliza mwaka."

Mbele kidogo kulikuwa na mavi ya mbuzi. Mbele tena, mbwa alibweka.

Mzee mmoja wa Kibishari, Ohaj, ndiye aliyewakuta wakiwa wanatambaa kwa viwiko. Mkewe hakuwapa maji ya kubugia. Alichovya kitambaa kwenye maziwa ya ngamia, akawakamulia mdomoni tone kwa tone, mmoja kisha mwingine, huku akiwapigapiga mgongo na kuwasemesha kwa lugha yake kama watu wanavyowasemesha watoto wagonjwa. Sittana hakuelewa neno hata moja na alielewa yote. Alipoweza kuinua mkono alimvisha ile bangili ya fedha. Yule mama aliitazama, akacheka kuona ilivyo nyeusi, na akaivaa.

"Kuna mtu," Sittana alimwambia Ohaj kwa Kiarabu. "Magharibi. Ana mguu uliovunjika, naye anataka ngamia mnene."

Ohaj hakuuliza zaidi. Alitandika ngamia wanne, akachagua na mmoja mnene.

Walimkuta Karrar kivulini, ameegemea gurudumu, kichwa kimelala begani kama anayesikiliza jambo. Dumu lake lilikuwa tupu, tena kavu, kavu la tangu siku ile waliyomwacha. Dumu la zebaki lilikuwa kando yake na kifuniko chake kimefungwa. Hakuligusa. Ohaj alimfumba macho. Mudawi alimchimbia kaburi peke yake, akakataa kusaidiwa, na alipomaliza viganja vyake havikuwa na ngozi.

Wakati wa kurudi, bila mtu kumwambia, Mudawi alimwelekeza ngamia wake kwenye ule mwamba mweusi. Alishuka, akaondoa mawe, akatoa mfuko. Akaufunga kwenye tandiko la ngamia mnene ambaye hakuwa na mpandaji.

"Hizi ni za mabinti wa Karrar," alisema.

Sittana alimsimamisha ngamia wake. "Mudawi, sikiliza, mimi..."

"Mamdogo, shaba huchemka."

"Nini?"

"Shaba ikipata tindikali huchemka na kutoa povu la kijani. Nimekulia chini ya meza yako. Ule mstari haukuchemka. Ulififia tu." Alikuwa akikaza kamba, hamtazami. "Na kidoleni mwako kulikuwa na chembe za chumvi."

Sittana alimsogeza ngamia wake karibu. "Ulijua ni dhahabu. Na ukaiacha."

"Nilijiambia, kama mamdogo amedanganya juu ya jiwe, basi kweli tunakufa."

Siku ya saba ya msiba Sittana aliweza kutembea hadi kwa Batuli. Wanawake walijaa uani, na mbuzi mweusi alikuwa amefungwa kwenye mtende. Alimpa ujumbe wote kama alivyopewa, hata ule wa mbuzi. Batuli alimtazama mbuzi. Akamtazama mama yake mzazi, aliyekuwa ameketi mlangoni amekunja uso, na ndevu zake tatu kidevuni. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikawashika wanawake wote, hata mama mwenyewe, na kikageuka kilio hapo hapo.

Walipotulia, Sittana alimwekea mfuko mapajani. Batuli aliufungua kidogo, akaufunga.

"Ni dhahabu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kampe mwingine akupimie. Mimi nimeacha kupima. Jiwe langu nimelivunja."

"Sikukuuliza jiwe, dada. Nimekuuliza wewe."

Sittana aliutazama mfuko, akakumbuka uzito wa kile kiriba asubuhi ile.

"Ni dhahabu," alisema.

Batuli akaitikia kwa kichwa, akauingiza mfuko chini ya tobu yake, na akasogea mkekani ili Sittana apate pa kukaa.